Kipimo cha Bega

Suma, Rungwe
11 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Asukile,

Nakusalimu, Baba anakusalimu, na migomba inakusalimu maana uliipanda ukaikimbia. Mimi sijambo isipokuwa masikio. La kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia kengele ya kanisa na ng'ombe akilia karibu, basi. Kwa hiyo simu zako acha. Juzi ulipopiga niliona midomo ya mwanangu Tulia inasema "mjomba, mjomba," nikashika simu nikasema halo, halo, mpaka ikakata. Andika. Macho bado ninayo.

Mvua haikatiki, chai imekubali, tunachuma mpaka kucha zimekuwa nyeusi. Ng'ombe amezaa dume. Maparachichi bado.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini kwanza.

Unaukumbuka mto wa Baba wa kulalia, ule wa mti, aliouchonga huko huko Zambia uliko wewe, enzi zake za migodini. Wenye miguu miwili na mgongo uliobonyea, mweusi kwa mafuta ya kichwa chake. Marehemu Mama alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni ule mto. Jumapili jumuiya ilikuwa kwetu. Akina mama wamejaa jikoni, kuni zimelowa, moshi tupu. Veronika, yule binti aliyeolewa kwa jirani, aliyetokea kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, alikuwa anafagia chumba cha Baba. Akauona chini ya kitanda. Akadhani ni kigoda kilichovunjika mguu. Akaupasua kwa shoka, ukawaka vizuri sana, chai ikachemka. Tukanywa wote. Baba mwenyewe aliomba kikombe cha pili, akasema chai ya leo tamu.

Alipokwenda kulala ndipo akauliza.

Tangu siku hiyo Baba hajalala. Sisemi halali vizuri. Halali. Tukimpa mto wa sponji, akiweka tu kichwa anashtuka, anashika koo, anasema anazama. Anakaa kwenye kiti karibu na moto, kichwa kinaangukia kifuani, anaamka. Miguu imeanza kuvimba. Hospitali wamempa vidonge, wakasema mzee anatakiwa alale apumzike. Hilo hata sisi tulikuwa tunalijua.

Veronika analia kila akimwona. Wewe ndiye mtu wa dunia, unajua watu na vitu vyao. Tutafutie mto wa mti. Au njoo. Afadhali uje.

Dada yako,
Tupokigwe


Ndola, Zambia
3 Machi 2024

Kwa Dada yangu, mlinzi wa nyumba ya baba yetu Mzee Ambindwile na mkuu wa migomba yote ya Suma,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua, imenikuta mzima, mnene, ninang'aa kama bampa jipya. Kuna mtu akikuambia nimekonda, huyo ana wivu. Sisi madereva wa Kitanzania huku tunaheshimika, nikipita sokoni nasikia wanasema "Tukuyu huyo," hata trafiki ananiuliza mimi barabara. Kwa sasa gari liko gereji, linasubiri kipuri, nami nimepumzika kwa mama mmoja anaitwa Esnath, ana vyumba vya wageni. Usianze kufikiria. Ni Msabato, na anapika mboga kama anamwadhibu mtu.

Dada, nimecheka nikalia, nikalia nikacheka. Baba kaunywa mto wake! Kwa vikombe viwili! Mwambie Veronika asijiue kwa machozi. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo niliukalia nikapigwa, nikajua hicho kitu si cha kawaida, lakini yeye angejuaje? Rungwe nzima ni nyumba ngapi zina kitu kile?

Sasa sikiliza, umegonga mlango wenyewe. Niliishia la saba, lakini kwa shule ya barabarani mimi ni profesa. Mito ya mti naijua kuliko mwenye makumbusho. Mkaramoja wa Uganda anatembea na wake mkononi kama wewe unavyotembea na Biblia: mchana anaukalia, akichoka anaulalia, nywele zake hazigusi vumbi. Mturkana hivyo hivyo. Msomali wake ni wa nguzo mbili, umechorwa pembeni kama mkeka, na mwembamba, ukijisahau unaanguka, ndiyo maana mchunga ngamia hasinzii ovyo. Nimewaona wote, nimekula nao wote.

Basi kuna Msomali hapa, dereva wa matangi, tunaitana shemeji. Nilipomwambia habari za Baba akatoa kwenye kabini mto wa marehemu baba yake akanipa. Bure! Alikataa hata soda. Nimemkabidhi Nelson, dereva mwenzangu, kijana wa Kawetele, mrefu, mwenye mwanya. Barua zako mpe yeye pale stendi Tukuyu kila akipita.

Kuja? Dada, ni kipuri tu. Pasaka mimi niko mezani. Chinjeni jogoo.

Mdogo wako asiyezeeka,
Asukile


Suma
2 Aprili 2024

Asukile,

Salamu nyingi. Jogoo tulimchinja, tukamla wenyewe.

Sisi tuko. Tulia amechaguliwa kuimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana, mimi nimekaa mbele kabisa, nikatazama mdomo wake unafunguka. Inatosha.

Mto wa Msomali ulifika. Mwambie shemeji yako Mungu ambariki, kitu kizuri, kila aliyeingia aliushika. Baba aliulalia, tukatoka nje wote kwa vidole ili asisumbuliwe, hata mimi ambaye sisikii nilitembea kwa vidole. Alilala kama muda wa kupika ndizi, akaamka shingo imepinda. Anasema, "Huyu aliyekuwa analalia hapa alikuwa na shingo ya ngamia wake." Ameuweka juu ya kabati. Anauheshimu, lakini haulalii.

Nilikwenda kwa fundi Hezron pale Bagamoyo ya Tukuyu, anayetengeneza vitanda na makochi. Nikamchorea kwenye vumbi. Akatuchongea wa msindano, mzuri wa kupendeza macho, akaupaka vanishi. Baba alipoulalia utomvu ukamshika nywele, tukazikata kwa mkasi. Akasema unanuka jeneza. Tulia akajaribu kipande cha mgomba, akakichonga kwa kisu, mto ukawa baridi na laini, Baba akafumba macho, nikamshukuru Mungu. Ulinywea chini ya kichwa chake polepole. Alishtuka akipiga mikono kama mtu aliyetumbukia maji ya Kiwira.

Anakonda, Asukile. Nimefunga kamba kutoka kwenye kiti chake mpaka mkononi mwangu, maana akiniita sisikii. Akitaka kitu anavuta. Anavuta mno, na nikifika hana anachotaka. Anataka kuona mtu tu.

Barua yako ilikuwa inanuka dawa ya hospitali. Na Nelson nikimuuliza habari zako anaangalia tairi. Nimemuuliza mara tatu, mara tatu ameangalia tairi.

Kipuri gani hicho?

Tupokigwe


Ndola
28 Aprili 2024

Dada mpenzi, mwenye macho ya mwewe na pua ya mbwa wa polisi,

Salamu za huku ni moto. Nelson anaangalia tairi kwa sababu tairi zake ni vipara, ana haki ya kuziangalia. Harufu ni dawa ya sakafu. Esnath anadeki mpaka mjusi anateleza ukutani. Mwambie Tulia hongera, sauti kachukua kwa mjomba, maana mimi nikiimba hapa majirani wanafungua madirisha. Sijasema wanafungua ili wafanye nini.

Kipuri kimekuja, kikawa si chenyewe. Halafu bosi ameniomba nibaki kidogo nifundishe madereva wapya. Unajua mimi sijui kukataa. Mtu akiwa na ujuzi, ndiyo tabu yake.

Hii habari ya Baba sijaipenda. Hata chakula hakishuki. Nimeuliza kila anayepita. Jana amekuja Mkongo mmoja wa kutoka Lubumbashi, mfanyabiashara, mcheshi karibu anifikie. Kwao walikuwa na mito ya machifu, mto wenyewe unabebwa kichwani na sanamu. Chifu akilala, anabebwa na watu wa mti. Amenipa mmoja, anasema ni wa zamani, mimi naona ni wa Jumanne iliyopita, lakini mti ni mgumu na mgongo umebonyea vizuri. Usikasirike ukiuona. Wale ni wasanii.

Mwambie Baba ajaribu. Mwambie Asukile amesema ajaribu tu.

Na ile kamba, Dada, uifunge mkono wa kushoto, wa kulia uutumie kazi. Najua mambo ya kulala karibu na kamba.

Asukile


Suma
26 Mei 2024

Asukile mdogo wangu,

Salamu. Mvua imekata, baridi imeanza, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Maparachichi tumevuna, si mabaya.

Sanduku tulilifungua mbele ya wageni. Mchungaji alikuwepo amekuja kumwombea Baba. Asukile! Mabinti wawili, hawana hata kitambaa, wamenyoosha mikono juu. Nilitupa kanga yangu juu yao haraka. Mchungaji akasoma dari. Baba ni mzee wa kanisa la Moravian tangu mimi sijaolewa, akawatazama, akasema, "Watoto wa watu hawa wamesimama hivi tangu lini? Wapeni nafasi wapumzike." Amekataa kuweka kichwa. Anasema atalalaje yeye, na wao wamesimama. Mchungaji alicheka mpaka akatoa miwani. Na mimi nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka humu ndani, ndiyo maana nakuandikia.

Kwa sababu baada ya hapo ameanza kuongea na watu wasiokuwepo. Anawapa amri za mgodini, anamwita Mama amletee taa ya kofia. Miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Analala akiwa ameketi, kisha anaanguka mbele. Juzi alianguka kwenye majivu. Mimi sikusikia. Niliona kamba inavutwa, nikadhani anataka mtu tu, nikamalizia kufunga kilemba.

Ana mkono uliobabuka sasa. Ni kwa sababu ya kilemba changu.

Akili ilipomrudia aliniambia jambo ambalo hajawahi kusema. Anasema mto hauokotwi wala haununuliwi, mto unapimwa. Alifundishwa na mwenzake wa kambini kule. Unalala ubavu juu ya mkeka, mtu anakuwekea vidole kati ya shingo na mkeka, bega likiwa limekaa. Urefu huo ndio mto. Kila mtu na bega lake. Nikamwambia tukupime. Akanionyesha bega lake. Hakuna bega, Asukile, ni mfupa umefunikwa. Anasema shingo yake imezoea urefu wa mwili ule wa ujana, na ule mwili hana tena. Akasema, "Asukile anao. Alichukua bega langu kama lilivyo. Aje alale hapa nimpime."

Kwa hiyo si zawadi tena. Ni wewe. Ulale mkekani dakika chache, upimwe, halafu urudi kwa madereva wako.

Nakuomba. Mimi ni mkubwa wako na nakuomba.

Tupokigwe


Ndola
20 Juni 2024

Dada,

Salamu kwenu wote. Mimi mzima.

Pole kwa mkono wa Baba. Usijilaumu kwa kilemba. Mtu angekuwa anakuja kila kamba ikivutwa angekufa yeye kwanza.

Habari ya mabinti wa Kikongo nimemsomea Esnath, amecheka, Msabato na ukali wake, akamwaga uji. Wapeni kanga moja kabisa, iwe yao.

Kuja siwezi sasa hivi. Naomba usiniulize. Siyo kipuri, siyo bosi, basi tu siwezi. Mimi nimefika Durban kwa gurudumu moja la akiba, nimelala porini Katanga simba anakoroma karibu, sijawahi kuandika neno hili siwezi, utaniandikia wewe kama umewahi kulisikia. Lakini ndivyo ilivyo.

Mwambie Baba bega lipo. Hilo mwambie kwa uhakika. Bega lipo zima, limekaa pale pale alipoliweka.

Muulize miguu ya mto ule wa zamani ilikuwa imesimama wima au imetanuka chini. Na mgongo ulibonyea kiasi gani. Na akilala, sikio lake lilikaa ndani ya mto au nje. Muulize akiwa na akili zake. Uniandikie upesi.

Asukile


Suma
7 Julai 2024

Asukile,

Sikusalimu.

Baba jana alimwita fundi Hezron. Nikafurahi, nikadhani anataka kumweleza mto. Akamwambia, "Nipimie sanduku. Huko naona nitalala." Hezron aliingiza futi mfukoni akatoka nje, akasimama kwenye miti ya kahawa anajifuta uso. Mtu mzima. Alirudi akasema futi limevunjika.

Miguu ya mto ilitanuka. Mgongo ulibonyea kama kiganja kinachopokea maji. Sikio lilikaa nje. Amesema hayo yote akiwa na akili, akauliza, "Anauliza ya nini, si aje?" Nikasema gari.

Akasema, "Gari gani haliji miezi yote?"

Kama uko jela, sema. Kama una mke mwingine huko na watoto saba, sema, tutawapenda. Kama umeugua, sema. Hakuna kitu nitakachokasirikia kuliko huku kuniletea mabinti wa mti wakati Baba anataka mtoto wake. Nimechoka, Asukile. Sisikii, lakini usiku kucha nahisi kiti chake kinatikisika sakafuni, nahisi kwa miguu.

Tupokigwe


Ndola
11 Agosti 2024

Dada yangu Tupokigwe,

Sijafungwa. Watoto saba sina, ningekuwa nao ningejisifu barua ya kwanza.

Fungua hicho kifurushi taratibu. Nimeuchonga mimi. Ndiyo, mimi, niliyeshindwa mpini wa jembe mpaka Baba akaufanyia kuni. Ni mninga, Esnath aliutoa kwenye mguu wa kitanda cha babu yake kilichovunjika. Alinipima yeye, kwa vidole vyake, kama ulivyoandika, akiwa ameangalia pembeni kwa ajili ya dini. Kisha nikaanza. Kisu, patasi ya kuazima, na kipande cha chupa cha kulainishia. Miguu nimeitanua. Mgongo nimeubonyeza kama kiganja. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili nikaukata mfupi. Huu ni wa tatu.

Kila siku nimeulalia mimi mwenyewe. Palipouma nimekwangua. Nimeulalia tena, nimekwangua tena. Esnath anagomba vipande vya mti vimejaa kwenye blanketi, anasema analaza seremala au analaza panya. Nimeupaka mafuta ya nazi na ya kichwa changu, usinuke duka. Fundi wako wa Bagamoyo akiuona ataacha kazi akauze karanga.

Dada, kama huu nao utakataa sina kingine. Nimemaliza marafiki na nimemaliza mti. Nimeweka kila kitu hapo.

Mto ukikubali niandikie neno moja tu: amelala. Nelson atapita kwangu akirudi.

Asukile


Suma
1 Septemba 2024

Mdogo wangu mpenzi, mtoto wa Mama,

Amelala.

Nilitaka niandike hilo tu kama ulivyosema, nikaona haliwezi kukaa peke yake.

Nelson aliuleta mwenyewe mpaka nyumbani, mchana, jua limetoka baada ya wiki ya ukungu. Baba aliushika, akaupitisha mkono juu, akaunusa. Tukatandika mkeka, tukamlaza ubavu wa kushoto. Kichwa kikakaa. Nikamtazama koo nikisubiri ashtuke. Hakushtuka. Mdomo ukafunguka, mate yakatoka, kifua kikapanda na kushuka. Tulia akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole: ANAKOROMA. Nikaenda kuweka mkono wangu kwenye mgongo wake ili nisikie. Veronika alipiga magoti pale mlangoni hakuinuka. Nelson tulimlazimisha abaki ale.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba alipoamka. Akataka kugeuka alalie upande wa pili. Tukamgeuza. Kichwa kikakataa. Akajaribu tena, kikateleza. Akaketi, akauchukua mto akauweka mapajani, akaupapasa kwa vidole gumba, huku na huku, muda mrefu. Upande mmoja umekwanguliwa mpaka umekuwa kama ngozi. Upande wa pili bado una alama za kisu. Hakuna shingo iliyopita pale hata mara moja.

Akasema, na Tulia akanirudia taratibu nisome midomo yake: "Mto huu unaulalia kwa kushoto tu. Mtu hulala, hugeuka. Asukile hageuki."

Kisha akamwita Nelson kwa mkono. "Kijana, mwanangu ameumia wapi, nyonga au mguu?" Nelson akatafuta tairi la kuangalia. Tulikuwa ndani ya nyumba. Akaangalia mlango, akaangalia moto, akaanza kulia, mtu mrefu vile. Akasema yote. Gari lilivyokatika breki mteremkoni, Januari, kabla hata mto haujaungua. Ulivyokandamizwa upande wote wa kulia. Vyuma vya nyongani. Miezi ya wodini, kisha kitanda cha Esnath. Na ulivyowaapisha yeye na Esnath wasituambie.

Kumbe mlikuwa hamlali wote wawili, wewe na Baba, kila mtu kwake.

Hezron alikuja jana, anasema atachonga upande wa pili kwa nusu saa. Baba amemzuia, ameukumbatia mto kama mtoto. Amesema, "Uacheni hivyo hivyo. Nitalala kushoto. Siku atakayogeuka yeye, na mimi nitageuka."

Usifikiri amepona. Miguu bado, pumzi ni fupi, daktari ameniambia kwa kuandika na sitaki kukuandikia alichoandika. Ila analala, na akiamka ana akili zake, na anauliza jambo moja tu.

Nelson anakwenda Kongo kushusha mzigo, akirudi atapita Ndola akuchukue. Amesema kitanda cha kabini kinakutosha. Usiseme hapana. Mlete na Esnath, tuna vyumba, na mboga za kuadhibu ziko nyingi. Hakuna anayetaka uje umesimama.

Dada yako,
Tupokigwe


Ndola
22 Septemba 2024

Dada,

Hii inakuja mbele yangu na dereva mwingine, maana Nelson bado yuko upande wa Kongo. Pokea.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, Esnath kaninyang'anya akaificha. Sina la kujitetea. Nilisema nipone kwanza, nije nikitembea, nishuke na kofia yangu upande, nigawe soda stendi nzima. Mimi ndiye wa kuleta vitu. Kuja nikiwa mzigo sijui kunafanywaje. Nikaona nitume mti badala ya mtu. Kumbe yule mzee anasoma mti kama wewe unavyosoma midomo. Nilikuwa najisifu nimedanganya forodha za nchi sita, nikashindwa na mzee mmoja asiyeona vizuri, ndani ya mchana mmoja.

Madaktari wanasema nitatembea na fimbo. Wengine wanasema labda. Esnath anakuja, ameshakunja blanketi, anauliza kama Suma kuna kanisa lao. Nimemwambia kuna kila kitu.

Kitanda changu mkiweke chumba cha Baba, upande wa pili wa moto, tutazamane. Ile kamba gawanya, nusu nifunge mimi. Wewe ulale, Dada. Akivuta nitaona mimi, macho yangu hayalali.

Na usimruhusu aende popote. Mwambie namwomba. Mwambie wale mabinti wasimame, Msomali asimame, kila mtu asimame amshike mpaka Nelson apige honi hapo barabarani. Mengine yote niliyowahi kuomba maishani nayarudisha.

Halafu mwambie hivi, umwambie karibu na sikio, asije akakosa kusikia. Leo asubuhi nilimwambia Esnath anishike nyonga. Nikauma shuka. Nikasukuma. Nimepiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha kweli, na sikuwa naimba.

Mwambie Baba nimegeuka. Sikukaa, nilirudi upesi, lakini bega la kulia limegusa godoro.

Asukile